LELEMAMA SI UHUNI

Katika ofisi zetu, na katika vyumba vya walimu wa shule zetu, umo ugonjwa mmoja ambao usipotajwa kwa jina lake utaendelea kutuumbua mbele ya watoto wetu. Ugonjwa huo ni kudharau ngoma za akina mama. Mtumishi wa umma aliyesoma akaelimika husikia mdundo unatoka uani mwa jirani yake, akafunga dirisha na kusema kwamba huo ni uhuni wa watu wasio na kazi. Jioni yake mtumishi huyohuyo hukaa mbele ya televisheni, au huinamia simu yake, akamtazama mwanamke wa Cairo, au mwanamke wa Ulaya aliyejifunza kwa mwanamke wa Cairo, akizungusha nyonga kwa kufuata vinanda na matari. Hapo hutikisa kichwa kwa kuridhika na kusema kwamba hiyo ndiyo sanaa. Swali tunalomwuliza ni moja tu: kiuno kinakuwaje sanaa kikiwa Cairo, kikawa uhuni kikiwa Buzebazeba?

Swali hili halikubuniwa. Katika shule moja ya Manispaa yetu ya Kigoma-Ujiji, wasichana watatu walikutwa uwanjani wakati wa mapumziko wakicheza chakacha waliyoiona arusini. Walichapwa viboko mbele ya wenzao, wakaamriwa waje na wazazi wao. Mmoja wao alikuja na bibi yake, mkazi wa Buzebazeba, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwafundisha wanawake lelemama na kuwaongoza katika ngoma za arusi. Bibi alisikiliza mashtaka hadi mwisho, akaomba radhi kama inavyompasa mzazi, akaondoka na mjukuu wake.

Haukupita muda mrefu, shule ikapata habari kwamba kutakuwa na mgeni rasmi. Burudani ikatakiwa. Ujumbe ukapelekwa kwa bibi yuleyule kwamba aje na kikundi chake, kanga za sare, ngoma na pembe. Wakaja saa mbili asubuhi. Mgeni akafika saa saba. Walicheza nyimbo mbili juani, ya tatu ikakatizwa kwa kuwa muda wa ratiba ulikuwa umekwisha, wakapewa soda moja moja na kuambiwa asante. Mwaka uliofuata walipoitwa tena, bibi alimjibu mjumbe kwa utulivu: "Mwalimu, ulimchapa mjukuu wangu kwa kitu kilekile unachokuja kuniomba." Hakwenda. Nasi tunasema kwamba alikuwa na haki ya kutokwenda.

Katika kisa hiki kifupi umo unafiki wetu wote. Ngoma ya mwanamke huitwa uhuni inapomfurahisha mwenyewe, ikaitwa utamaduni inapomfurahisha mkubwa. Mchezaji hukemewa kama mpotovu siku ya kazi na kupangwa mstarini kama pambo siku ya sherehe. Katika hali zote mbili hakuna anayemwuliza anajua nini, alifundishwa na nani, na baada yake nani atakijua anachokijua.

Ni vema kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe, kwa maana dharau nyingi hutokana na kutojua. Msomi wetu huchanganya katika kapu moja ngoma zote za wanawake, kisha akalitupa kapu lote. Lelemama ni ngoma ya taratibu, ya safu na sare, ya hatua ndogo na mikono inayokwenda pamoja. Uzuri wake umo katika mpangilio na katika maneno ya nyimbo. Chakacha ya mwambao ni ngoma ya kiuno, ya arusini, ambayo asili yake ni ya wanawake peke yao. Ngoma za unyago ni darasa: mwali hufundishwa na somo wake mambo ya mwili, ya ndoa na ya adabu, na kiuno ni sehemu ya somo hilo kama hesabu ilivyo sehemu ya shule. Mtu asiyejua tofauti ya vitu hivi vitatu hana sifa ya kuvihukumu.

Hapa Ujiji ngoma hizi zina historia yenye heshima. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya kumi na tisa haikuleta watu na bidhaa tu. Ilileta pia nyimbo, kanga na namna za kukusanyika. Wanawake wa Ujiji, wengi wao wenye asili ya Manyema ng'ambo ya Ziwa, walizipokea ngoma za mwambao, wakazichanganya na zao. Chama cha lelemama hakikuwa kundi la wapita njia. Kilikuwa na viongozi wenye vyeo, mweka hazina, michango, na wajibu wa kuuguzana, kuzaana na kuzikana. Lugha yetu yenyewe inatoa ushahidi: upatu ni chombo cha shaba kinachogongwa ngomani, na upatu ni mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu. Wanawake hawa walijua kuweka na kukopeshana kabla benki haijafungua mlango wake mjini Kigoma.

Tukumbushane pia jambo ambalo watumishi wa umma hawapendi kukumbushwa. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Wengi waliokuwa wamesoma, wakiwamo walimu wa serikali, walifungwa mikono na mishahara yao. Ilipofika mwaka 1955 TANU ikihitaji kuwaingiza wanawake, aliyepewa kazi hiyo mjini Dar es Salaam hakuwa mwenye shahada. Alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuanza kwa kuandika barua. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na viongozi hao wakawaleta wanachama wao. Wanawake wengi hawakujua kusoma, lakini walijua kuitana, kuchangishana, kushika siri na kusimama pamoja. Yote hayo waliyajua kutoka ngomani. Mwanamke wa ngoma hakuwa na mwajiri wa kumkataza. Kadi ya Chama aliichukua wakati msomi alipokuwa akichungulia dirishani. Leo mjukuu wa msomi huyo ndiye anayemwita mjukuu wa mwanamke huyo mhuni!

Wala si kwamba hatukuonywa. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi yetu kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo aliwasuta wasomi waliojua kucheza dansi za kizungu na rumba na chachacha, lakini wasiozijua ngoma za kwao, na miongoni mwa ngoma alizozitaja kwa majina ilikuwamo lelemama. Alieleza kuwa taifa lisilo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu wasio na roho. Tangu siku hiyo serikali imefungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, imeunda Baraza la Sanaa la Taifa kwa sheria ya mwaka 1984, na imetoa Sera ya Utamaduni mwaka 1997. Sheria ipo, sera ipo, chuo kipo. Kinachokosekana ni heshima ndani ya kichwa cha afisa anayepita mbele ya ua wa Buzebazeba.

Turudi Cairo, kwa kuwa wapenzi wa ngoma ya huko hawaijui historia yake. Mwaka 1834 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, aliwafukuza kutoka Cairo wanawake wacheza ngoma walioitwa ghawazi, wakahamishiwa kusini mwa nchi. Wakubwa wa wakati ule waliwaona wahuni, kama wakubwa wetu wanavyowaona wetu. Mwaka 1893, katika maonyesho ya dunia mjini Chicago, wafanyabiashara walijenga mtaa wa bandia wa Cairo na kuwatoza Wamarekani viingilio ili watazame ngoma hiyohiyo. Jina la "ngoma ya tumbo" walilibuni Wafaransa. Waarabu huiita raqs sharqi, yaani ngoma ya Mashariki. Mwaka 1926 Badia Masabni alifungua ukumbi wake mjini Cairo, na katika kumbi za namna ile ngoma ikapangwa upya kwa macho ya mtazamaji anayelipa. Ilikuwa mwaka 1959 ndipo Mahmoud Reda na wenzake, akiwamo Farida Fahmy, walipounda kikundi cha kuzipandisha jukwaani ngoma za wananchi wa Misri kwa heshima, na baadaye serikali ikakipokea.

Leo wanawake wa Ulaya na Marekani hulipa ada ya madarasa ya ngoma hiyo, hununua mavazi yake, husafiri kwenda semina na matamasha, na hujiona kuwa jumuiya moja. Hatuwalaumu. Wao wanajua kwamba ujuzi una thamani na kwamba mwalimu hulipwa. Tunajilaumu sisi, kwa kuwa jumuiya ya namna hiyo tunayo mlangoni petu, yenye madarasa yake, walimu wake, sare zake na sherehe zake, nasi tunaiita kelele. Kama mambo yataendelea hivi, itafika siku ambapo wajukuu wetu watalipa fedha za kigeni kufundishwa chakacha na mgeni aliyejifunza kwa video. Mwacha mila ni mtumwa.

Tunajua hoja zitakazoletwa dhidi yetu. Watasema kwamba ngoma za kiuno zimegeuzwa biashara ya baa, wasichana wanacheza nusu uchi mbele ya walevi. Ni kweli, na tunalaani. Lakini nani aliyeitoa ngoma uani na kuipeleka baa? Si somo. Somo alikuwa na sheria kali: mwanamume hakuingia, mtoto ambaye wakati wake haujafika hakuingia, na lililofundishwa ndani halikutangazwa nje. Aliyeipeleka baa ni mwenye baa, na mteja wake mkubwa mara nyingi ni huyohuyo mwenye mshahara anayehubiri maadili mchana. Ukimdhoofisha somo, unamwachia mwenye baa awe mwalimu pekee.

Watasema pia kwamba ngoma za usiku huwakosesha watoto masomo, na kwamba mashindano ya sare na karamu huzitia nyumba madeni. Haya nayo ni kweli, na viongozi wa vikundi wasiyafumbie macho. Mwanafunzi alale mapema. Ngoma ya watoto ingojee likizo. Sare isiwe sababu ya mama kukopa fedha za chakula. Makosa haya hurekebishwa kwa kukaa na wenye ngoma na kuzungumza nao, kama tunavyozungumza na wavuvi au wakulima. Hayarekebishwi kwa kiboko wala kwa tusi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache yaliyo wazi. Kwanza, kila afisa utamaduni avijue vikundi vya wanawake vya kata zake kwa majina, viongozi na nyimbo zao. Asivitafute siku ya mgeni tu. Pili, kikundi kinachoitwa kwenye sherehe ya umma kilipwe, kipewe kivuli na maji, na kipewe muda wa kumaliza wimbo. Ofisi inayopata fedha za mapambo na mahema haiwezi kukosa fedha za mchezaji. Tatu, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na katika hizo asilimia 4 ni za wanawake. Kikundi cha ngoma ambacho tayari kinaweka na kukopeshana kihesabiwe kuwa kikundi kama kile cha washonaji au wauza dagaa. Mara nyingi wanachama ni walewale.

Nne, na hili tunalielekeza kwa walimu. Hatuwaombi mlete unyago darasani; unyago una mahali pake na wenyewe. Tunawaomba mlete lelemama. Mwalikeni bibi mwenye ujuzi aketi kwenye kiti cha mwalimu, si kwenye vumbi la uwanja. Wanafunzi waandike nyimbo zake kwa ruhusa yake, wajifunze maneno ambayo kamusi zetu hazijayapata, waulize nyimbo hizo zilitungwa lini na kwa sababu gani. Humo watakuta historia ya reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, historia ya Ziwa na ng'ambo yake, historia ya ndoa na ya mitaa ambayo haimo katika kitabu chochote cha shule.

Jambo hili lina haraka. Wazee wenye nyimbo hawaongezeki. Wanapokwenda, hawaachi maktaba nyuma yao. Wanaacha ngoma zilizotundikwa ukutani na wajukuu waliochapwa kwa kuzigusa. Bibi wa Buzebazeba bado yuko, bado anafundisha jioni uani kwake, na idadi ya wasichana wanaokuja inapungua kwa kuwa wanaogopa kuitwa wahuni na watu wanaowaheshimu. Watu hao ni sisi, watumishi na walimu. Tuanze kwa kwenda kumtaka radhi.