Terranigma inastahili kurudi madukani

Wapenzi wa gemu za zamani wakianza kuhesabu hazina za Super Nintendo, majina ni yale yale: Chrono Trigger, Final Fantasy VI, Zelda. Terranigma hutajwa na wachache, wengi wao watu wa Ulaya. Ubora wake hauna kosa katika hilo. Kilichoiponza ni biashara.

Gemu hiyo ilitengenezwa na studio ya Quintet ya Japani, ikatolewa na kampuni ya Enix mwezi Oktoba 1995. Mwaka huo huo Enix ilifunga tawi lake la Marekani, na Terranigma haikuuzwa huko kamwe. Nintendo ndiyo iliyoipeleka Ulaya, Desemba 1996, kwa Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kihispania. Wakati huo PlayStation ilikuwa imeshakaa madukani zaidi ya mwaka mmoja, na vijana walikuwa wameshahamia kwenye picha za pande tatu. Kaseti ya Super Nintendo ilikuwa mgeni aliyefika shughuli imekwisha.

Waliopata hasara ni wachezaji.

Shujaa wake ni Ark, kijana mtundu wa kijiji cha Crysta, kilichofichika chini ya ardhi. Anafungua sanduku alilokatazwa kuligusa, na wanakijiji wanaganda. Mzee wa kijiji anamtuma kwenye minara mitano, na kila anaposhinda mnara, bara moja la dunia ya juu linaibuka. Kisha Ark anapanda huko mwenyewe na kukuta ardhi tupu, haina hata jani. Kazi yake ni kuirudishia uhai: mimea kwanza, halafu ndege, halafu wanyama, na mwisho binadamu.

Gemu za aina hii, ambazo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa na kumkuza kwa mapigano na safari ndefu, kwa kawaida humtaka aiokoe dunia. Terranigma inamtaka aifufue, na dunia yenyewe ni hii yetu, yenye Afrika, Asia na Amerika zake, na Lhasa kati ya miji yake. Kwenye mbuga Ark anamsaidia mwanasimba ambaye baba yake amemtupa korongoni ili kumpima ushujaa. Kwenye milima ya theluji maporomoko yanamfungia pangoni pamoja na mbuzi jike aliyefiwa na mumewe. Njaa inapobana, mbuzi anampa nyama ya marehemu. Aliye hai hana budi kula, na ndivyo maumbile yalivyo. Ni vigumu kupata gemu nyingine ya mwaka 1995 iliyothubutu kuandika tukio kama hilo, tena kwa maneno machache na heshima yote.

Kilele cha hadithi ni pale binadamu wanapoamka. Tangu mwanzo wa safari, Ark alikuwa akizungumza na miti, ndege na simba kama jamaa zake. Sasa kipaji hicho kinamtoka. Aliowafufua kwa jasho lake wapo mbele yake, lakini sauti zao ni milio tu. Mchezaji amefanya alichotumwa, amekifanya vizuri, na papo hapo amepoteza kitu ambacho hajui tena pa kukipata. Baadaye miji inakua kwa msaada wake, wavumbuzi wanafika kwenye simu na ndege, biashara zinapanuka, nayo gemu haimwachi asahau kimya kile. Riwaya ngapi zimejaribu kueleza gharama ya maendeleo na zikaishia kwenye mahubiri? Hapa gharama inaonekana kwa kucheza.

Mapigano nayo hayajazeeka. Ark anapigana kwa mkuki: anakimbia, anaruka, anachoma, anakinga, na kila tendo lina uzito mkononi. Kasoro zipo. Mfumo wa uchawi ni mzito na wachezaji wengi huuacha pembeni, na pambano dhidi ya Bloody Mary linamwadhibu vikali aliyefika hapo bila kujiimarisha. Hizo ni kasoro ndogo kwa gemu yenye moyo wa namna hii.

Mwaka 2021 Kamui Fujiwara, mchora manga aliyewasanifu wahusika wa Terranigma, alianzisha kampeni ya kukusanya saini ili gemu itolewe upya. Mwaka huo huo Square Enix, kampuni iliyozaliwa mwaka 2003 kwa muungano wa Square na Enix, iliitengeneza upya ActRaiser, kazi nyingine ya Quintet. Mwaka 2022 ikaifufua Live A Live, gemu ya mwaka 1994 iliyokuwa haijawahi kutoka rasmi nje ya Japani. Kwa hiyo hoja kwamba gemu za kale hazina soko imeshajibiwa na kampuni yenyewe.

Wenye haki za Terranigma na wakae pamoja, wakubaliane, waitoe kwa mashine za leo, na Wamarekani waipate kwa mara ya kwanza. Siku itakapotoka, msomaji asiyeijua aianze bila kuuliza inaishaje. Mwisho wake ni wa kufikiwa na mtu mwenyewe.