UJUZI WETU NI MALI, TUUGAWE KWA MASHARTI



Siku hizi makampuni mengi yana mtandao wa ndani wa kompyuta, na kila idara inatakiwa iandike humo maarifa ya kazi yake. Fundi wa boila aeleze anavyotambua bomba lililoziba. Mfanyakazi wa kiwanda cha chai aeleze anavyojua kwa kiganja kwamba majani yamenyauka vya kutosha.

Wenzetu wengine wanasema tusiandike lolote, maana tajiri akishapata ujuzi wako atakufukuza. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1911 Mmarekani Frederick Taylor aliandika waziwazi kwamba ni kazi ya wasimamizi kukusanya maarifa waliyo nayo wafanyakazi na kuyageuza kanuni.

Lakini kuficha si dawa. Ujuzi unaofichwa hufa na mwenyewe, na kijana mgeni kazini hujifunza kwa kukatwa vidole.

Tutazame mfano wa kampuni ya Xerox. Katika miaka ya 1980, mtaalamu Julian Orr aliwachunguza mafundi wake wa mashine za fotokopi huko Marekani. Aliona kwamba vitabu vya maelekezo haviwatoshi. Walisaidiana kwa kusimuliana matatizo ya mashine, hata wakati wa kula. Katika miaka ya 1990 kampuni ilianzisha mtandao ulioitwa Eureka, ukianzia Ufaransa. Fundi aliandika mbinu yake, mafundi wenzake wakaikagua, kisha ikasomwa na wote. Lilipotolewa wazo la kulipa fedha kwa kila mbinu, mafundi walilikataa; walitaka jina la mwenye mbinu liandikwe.

Walifanya vema kudai jina, kwa sababu jina ni heshima. Lakini jina halipikwi jikoni. Kwa hiyo vyama vyetu vidai haya katika mkataba na mwajiri:

Kwanza, kila mbinu iwe na jina la aliyeitoa.

Pili, wakaguzi wawe wafanyakazi wenyewe.

Tatu, mtandao uwe katika lugha tunayoielewa, na usomwe hata na kibarua wa shambani.

Nne, faida itakayopatikana ionekane katika mishahara, na asipunguzwe mtu kazini kwa sababu ametoa ujuzi wake.

Madai haya yafikishwe mezani kabla kompyuta hazijafungwa, si baadaye. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, lakini mwenye kinga naye aote moto huo.