Longbourn si mbali na Kitengela

Wapo walimu wenzangu wanaoshikilia kwamba riwaya ya Pride and Prejudice, aliyoichapisha Jane Austen mwaka 1813, haina la kumwambia kijana wa Kajiado. Eti ni hadithi ya mabibi wanaokunywa chai na kungojea wachumba. Nami niliamini hivyo, hadi nilipoisoma na wanafunzi wachache alasiri moja mjini Kajiado.

Tulifika pale inapobainika kwamba Bwana Bennet, baba wa mabinti watano, hawezi kumrithisha hata mmoja wao shamba la Longbourn. Shamba limefungwa kwa warithi wa kiume. Atakapofumba macho litakwenda kwa Collins, jamaa wa mbali, mtu wa maneno mengi na akili haba. Darasa likacheka. Msichana mmoja hakucheka. Aliuliza, "Mwalimu, kumbe hata Wazungu?"

Swali hilo halijanitoka. Sheria yetu ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haikubagua mtoto wa kike na wa kiume. Lakini vifungu vya 32 na 33 viliacha ardhi ya kilimo na mifugo katika wilaya kadhaa, Kajiado ikiwamo, chini ya mila. Ranchi ya pamoja ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, wanachama waliopata hati walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanaume. Ni kweli kwamba mwaka 2008 Mahakama Kuu, katika mirathi ya Lerionka ole Ntutu wa Narok, ilikataa mabinti kunyimwa urithi kwa kisingizio cha mila, na Katiba ya 2010 ikatia nguvu. Lakini hukumu husomwa Nairobi, na ardhi hugawiwa nyumbani.

Ndiyo maana sikubali kwamba mvuto wa riwaya hii ni Darcy na pauni zake 10,000 kwa mwaka. Mvuto ni Charlotte Lucas, mwenye miaka 27, anayekubali kuolewa na Collins akijua fika ni mpumbavu. Wavulana walimlaani kwa kujiuza. Msichana yule alimtetea: "Amepata nyumba." Elizabeth amemkataa mtu yuyo huyo, na kukataa kwake kungeweza kuwatoa mama na dada zake nje siku ya matanga. Ni nani kati yao aliyetenda haki? Tulibishana hadi kengele ikalia, na wawili wakabaki dirishani wakiendelea.