Fungu la kumi litoke katika pato, si katika mkopo

Mjini Isiolo, neno zaka husikika kwa namna mbili. Mwislamu wa Kiborana au wa Kisomali hufikiria hesabu ya mifugo na akiba iliyotimiza mwaka, ilhali jirani yake Mkristo wa Kimeru au wa Kiturkana hufikiria fungu la kumi la kanisa. Wote wawili wanafahamu msukosuko wa ukame ulioletwa na misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022.

Kinachowatatiza Wakristo wengi walioajiriwa, wakiwemo walimu, wauguzi na askari, si kama watoe au wasitoe. Swali ni: kumi ya nini? Wapo wahubiri wanaoshikilia kwamba fungu huhesabiwa kwa mshahara mzima, kabla ya makato yoyote, na kwamba anayepunguza amemwibia Mungu.

Tuliweke suala hili katika tarakimu. Kwa viwango vya 2025, mwenye mshahara wa Sh50,000 alikatwa Sh3,000 za NSSF, Sh1,375 za bima ya afya ya SHIF, Sh750 za ushuru wa nyumba na kodi ya mapato inayokaribia Sh5,850. Alibakiwa na Sh39,000 hivi. Fungu la mshahara mzima ni Sh5,000. La kilichobaki ni Sh3,900. Tofauti hiyo inavumilika.

Balaa huanza penye mikopo. Sheria ya Ajira ya 2007 huruhusu makato yote kufikia thuluthi mbili za mshahara. Aliyefika ukomo huo hupokea Sh16,700 hivi. Akitoa Sh5,000, ametoa karibu thuluthi ya alichotia mfukoni, na bado hajalipa kodi ya nyumba wala karo. Katikati ya mwezi huwa tayari anakopa kwa simu. Na kwa kuwa sadaka nyingi hutumwa kwa M-Pesa, desturi iliyoenea sana makanisa yalipofungwa Machi 2020, hata fungu lenyewe laweza kulipwa kwa Fuliza. Hapo si pato la mtoaji linalotolewa, bali deni lake.

Torati haikufundisha hivyo. Mambo ya Walawi, sura ya 27, hutaja mnyama wa kumi apitaye chini ya fimbo ya mchungaji. Mfugaji wa Isiolo hahitaji mfasiri hapa: mwenye mbuzi tisa hana wa kumi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 14, huiruhusu familia yenyewe kula sehemu ya fungu mbele za Mungu, na kila mwaka wa tatu humtaja mgeni, yatima na mjane pamoja na Mlawi. Mafungu haya husomwa kwa nadra mno yakilinganishwa na Malaki 3!

Jirani Mwislamu naye ana kiwango cha chini. Mwenye ngamia wasiofika watano, au mbuzi wasiofika 40, hadaiwi zaka ya mifugo hiyo, na aliyelemewa na madeni yumo katika makundi manane yanayostahili kupokea. Si lazima Mkristo aige sheria hiyo ili aone busara yake.

Haya hayapunguzi haja ya kutoa. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi Philip Anyolo aliagiza mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto urudishwe. Kanisa linalotaka kujitenga na fedha za wanasiasa halina budi kutegemea waumini wake, na muumini aliyezama katika madeni hategemeki kwa muda mrefu. Atatoa kwa hofu miezi michache, kisha ataacha kuja ibadani kwa aibu.

Yapo makanisa yanayotumia kadi za zaka. Mzee wa kanisa anayezikagua angefanya vyema kuuliza kwanza mwenye kadi anadaiwa kiasi gani, na nani anayemdai.