Kazi ya Mikono Si Kazi ya Wajinga

Wanafunzi wenzangu, mara nyingi nimesikia maneno haya bwenini: "Mimi sikuja hapa kushika randa. Randa ningaliweza kuishika kwetu." Kipindi cha useremala kinapofika, wengine huumwa na kichwa, na wengine hukumbuka ghafula kwamba wana jaribio la fizikia. Nami nilikuwa mmoja wao. Leo napenda kueleza kwa nini nimegeuza nia, na kilichonigeuza ni kigari kidogo cha Wamarekani.

Kigari hicho ni trela la kulalia, lenye magurudumu mawili, ambalo hufungwa nyuma ya motokaa na kuvutwa mpaka mwituni au mlimani, watu wanapokwenda kupumzika. Ukilitazama ubavuni lafanana na tone la maji: mbele ni mviringo, na nyuma mgongo wake washuka taratibu. Kwa hiyo wenyewe huliita tone la chozi. Lilianza kupendwa Marekani katika miaka ya 1930, na vita vilipokwisha mwaka 1945 likapendwa zaidi. Wengi hawakulinunua. Magazeti ya ufundi yalichapa ramani, na watu wa kawaida wakajijengea wenyewe nyumbani kwao. Hata leo wako wanaojenga.

Sasa tazameni akili iliyomo. Plaiwudi huuzwa kwa vipande vya futi 8 kwa 4. Basi trela nalo, kwa kawaida, lina urefu wa futi 8 hivi, upana wa futi 4 na kimo cha futi 4. Kipande kimoja ni sakafu, kimoja ubavu wa kulia, kimoja wa kushoto, na kinachotupwa ni kidogo. Ndani mna godoro la watu wawili tu. Jiko liko nyuma, chini ya kifuniko kinachoinuliwa kwa bawaba, na mpishi husimama nje. Ndani hakuna wa kusimama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Rafiki yangu aliiona ramani ya trela hilo, akataka tujenge mfano mdogo kwa mabaki ya mbao ya karakana. Tulichukua robo ya kila kipimo, ukawa mfano wa futi 2. Yeye alikata na kupiga misumari. Mimi, niliyekuwa nimepata alama nzuri katika somo la wenzo, nilijifanya mhandisi. Tukatia mawe yawe badala ya mizigo, na mimi nikaamuru yawekwe nyuma, kwa kuwa jiko liko nyuma. Tukaufunga mfano kwenye baiskeli, rafiki yangu akapanda, akateremka njia ya uwanja wa mpira.

Hakufika mbali. Mfano ulianza kuyumba kushoto na kulia, kila mara zaidi, kisha ukapinduka na paa likapasuka, mbele ya Kidato cha Kwanza kizima. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu wa useremala hakucheka. Aliuliza neno moja tu: "Uzito uko wapi?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Kanuni ya trela la namna hii ni kwamba sehemu ya 10 hadi 15 katika kila mia ya uzito wote ilalie ndoano ya mbele. Trela likiwa na kilo 400, basi kilo 40 hadi 60 zikae pale. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, ndoano huinuliwa, na mwendo ukiongezeka trela huyumba hata laweza kuivuta motokaa nje ya barabara. Huo ni wenzo uleule nilioandika katika mtihani. Nilikuwa nimeuandika, nikapewa alama, wala sikuujua. Tulisogeza mawe mbele, tukarudi njia ileile, na mfano ukafuata baiskeli kwa utulivu.

Na wenzo ni mwanzo tu. Paa la mviringo lataka plaiwudi nyembamba, kwa maana nene hukatika ukiikunja. Watu wawili wakilala katika kisanduku kilichofungwa, pumzi zao hugeuka maji ukutani. Kwa hiyo lazima pawe na matundu ya hewa. Na mtu akiona baridi akaingiza jiko la makaa ndani, hewa ya kaboni monoksidi itamwua usingizini, maana haina harufu. Asiyejua kemia hakujenga chumba, amejenga jeneza. Je, hiyo ndiyo kazi ya wajinga?

Wako watakaosema kwamba trela la matembezi ni anasa, na kwamba wengi wetu kwetu hakuna motokaa. Nakubali. Sisemi tujenge matrela. Lakini kigari cha kubebea maji nyuma ya baiskeli chafuata kanuni ileile, na paa la nyumba halimwulizi aliyelijenga kama ana cheti. Mtihani wa karatasi waweza kumsamehe mtu aliyekariri. Ubao na barabara havisamehi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mitihani inapokaribia, kipindi cha useremala kisiwe cha kwanza kunyang'anywa. Tena, kila kidato kijenge kitu kimoja kila mwaka ambacho lazima kibebe uzito, kikajaribiwe mbele ya shule nzima. Kikivunjika, tucheke, kisha tuulize uzito ulikuwa wapi.

Mfano wetu uko karakanani, na ufa wa paa lake hatukuuziba. Atakaye kuutazama na aje, lakini aje wakati wa kipindi.