Kabla hujanunua mche wa mkwinini, usome kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Dongobesh alinionyesha picha kwenye simu: mche wa mkwinini, "dhahabu ya kijani", shilingi elfu tano kila mche. Alishapiga hesabu ya miche 400. Na shamba lilikuwa tayari, ile nusu ekari anayolima vitunguu saumu.

Sipingi miti ya kigeni. Parachichi nalo limetoka Amerika, na wapo wanaolipwa nalo. Ninachopinga ni kutoa milioni mbili kwa mti usioujua.

Haya, tuujue. Kwao ni misitu ya mvua na ukungu kwenye miteremko ya Andes, nchi za Peru, Bolivia na Ekwado. Ni wa familia moja na kahawa, kwa hiyo majani yake hutoka mawili mawili, yakitazamana. Maua ni madogo, ya waridi au meupe, yananukia vizuri na yamekaa kwa vishada. Tunda ni kikasha kikavu kinachopasuka, ndani kuna mbegu nyepesi zenye bawa jembamba. Dawa iko kwenye gome, na ni chungu kwelikweli. Ukiuziwa mche wenye majani yanayopishana kwenye tawi, huo sio mkwinini, hata muuzaji aape.

Kwa mwinuko, Mbulu haina shida. Shida ni maji. Mti huu unataka mvua nyingi karibu mwaka mzima, halafu udongo wenye tindikali usiotuamisha maji, maana mizizi huoza upesi. Wajerumani waliupanda Amani, Usambara Mashariki, walikoanzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walitengeneza kwinini yao hapo hapo. Lakini Amani mvua inakaribia milimita 1,900 kwa mwaka! Sisi kuanzia Juni hadi Oktoba tunatazama vumbi, na wenzetu wa Bassotu ndiyo kabisa.

Tuseme umemwagilia, umefaulu. Gome unalivuna baada ya miaka sita, saba au zaidi. Utamuuzia nani? Malaria sasa hivi inatibiwa kwa dawa mseto, kwinini imebaki na kazi chache, pamoja na kutia uchungu kwenye soda. Kiwanda ninachokijua cha kusindika gome hilo kiko Bukavu, Kongo. Piga nauli ya lori kutoka Katesh mpaka huko, uone kinachobaki.

Muuzaji nilimpigia mwenyewe. Nikamuuliza mnunuzi wa gome ni nani, akasema "soko lipo, ofisa, usiwe na wasiwasi", akakata simu.

Kijana hajaniambia ameamuaje. Jana nilipita shambani kwake. Saumu bado ipo, ila inadai palizi.