Nyika Haikuwa Tupu

Wapo wasomi wazisifuo picha za msafara wa Theodore Roosevelt, wakisema kuwa ni kumbukumbu safi ya nchi zetu zilivyokuwa kabla hazijaguswa na mkono wa mtu. Neno hilo nalikataa.

Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, majuma machache baada ya kuacha urais wa Marekani. Mwanawe, Kermit, alikuwa mmoja wa wapiga picha wa msafara, na picha zao zilitiwa katika kitabu cha baba kilichotoka mwaka 1910. Sura ya kwanza yaipitisha Reli ya Uganda katika zama za kale mno, kana kwamba abiria atokaye Mombasa arudi nyuma maelfu ya miaka. Mwenye imani hiyo akitazama uwanda aona nyasi, mawingu na wanyama, watu hawaoni.

Basi na tuulize, uwanda ule ulipataje kuwa mtupu? Katika ziwa Naivasha, alikowinda viboko mwaka ule wa 1909, Wamasai wa bonde lile walikwisha kuhamishwa kwa mapatano ya mwaka 1904, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Utupu ule ulitiwa saini.

Watasema kamera haichagui. Kweli, lakini aishikaye huchagua, na aandikaye maneno chini ya picha huchagua mara ya pili. Wapagazi kiasi cha 200 waliuchukua msafara ule, pamoja na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Kitabu chenyewe chamtaja Juma Yohari, Mswahili aliyembebea Kermit bunduki. Je, nyika yenye Juma ni nyika isiyo mtu?

Sisi wa Buguruni hatuna udhuru wa kusahau. Jirani yetu ni Kariakoo, mahali palipopata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kila siku twamtaja mpagazi tuendapo sokoni. Tuingiapo maktaba twamsahau.

Sisemi picha zichomwe. Nasema zihifadhiwe, zisomeshwe, na chini yake yaandikwe majina yanayojulikana na habari ya watu waliohamishwa. Mwanafunzi atakayeandika tena "nyika tupu" na aeleze kwanza ni nani aliyeiacha tupu.